Kabla ya Kupanda Basi la Garissa: Kompyuta Kuukuu Zinazogoma Kuwaka Bura

Fundi wa kompyuta aliye Nairobi akikosea kutambua ugonjwa wa mashine, hasara yake ni ya nusu saa. Hushuka ngazi, akakata kona hadi Luthuli Avenue, akarudisha kifaa alichonunua na kuchukua kingine, na kabla ya chai ya saa kumi mteja ameshaondoka na kasha lake. Fundi wa Bura, kule Tana River, hana Luthuli. Soko kubwa la vipuri lililo karibu naye liko Garissa, ng'ambo ya Mto Tana, mwendo usiopungua kilomita 80. Akikosa huko, hutuma Nairobi, au hugeukia kusini kupitia Hola na Garsen kuelekea Malindi na Mombasa. Tatizo lililotambuliwa vibaya huja na nauli yake na siku zake za kungoja.

Na barabara yenyewe haiaminiki. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilipovunja kingo zake, njia ilikatika sehemu ya Mororo, kati ya Madogo na Garissa, abiria wakawa wanavushwa kwa mashua. Wakati kama huo hakuna atakayevuka maji kwa ajili ya kibao cha RAM, sembuse kuvuka mara mbili kwa sababu cha kwanza hakikutoshea.

Ndiyo maana katika mji huu ustadi wa kubadilisha kifaa huja nyuma ya ustadi mwingine: kujua ni kifaa gani hasa kimekufa, na kukijua ukiwa bado umekaa Bura. Kompyuta kuukuu isiyowaka ni nadra kuwa imekufa yote. Mara nyingi sehemu moja tu imegoma, tena ya bei ndogo, na mashine yenyewe hutoa dalili za kutosha kwa anayejua kutazama na kusikiliza.

Mashine zenyewe ziko nyingi kuliko mgeni anavyodhani. Kuna za saiba, ambako kila Juni watu hupanga foleni kuwasilisha ripoti zao za ushuru KRA kabla ya tarehe 30, na ambako wanafunzi hujaza fomu za mkopo wa HELB na kuchagua vyuo kupitia KUCCPS. Kuna za ofisi za vyama vya wakulima na za zahanati. Na kuna za shule. Nyingi kati ya hizi zilikuja zikiwa zimeshatumika kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya, kwa mfano, lilianza mwaka 2002 kwa kazi hiyo hasa: kukusanya kompyuta zilizoachwa na ofisi, kuzikarabati, kisha kuzisambaza shuleni. Ni kazi nzuri iliyowafikia vijana ambao wasingegusa kibodi. Lakini mashine iliyofika shuleni ikiwa na umri wa miaka mitano, ikaishi mingine kumi kwenye joto la Tana River, haina budi kugoma siku moja.

Siku hiyo ikiangukia msimu wa mitihani, mambo huharibika. Somo la Kompyuta katika KCSE, linalobeba nambari 451, lina karatasi ya vitendo ambapo mtahiniwa hukaa mbele ya mashine na kufanya kazi aliyopewa. Kwa miaka mingi kazi hiyo imekuwa ikihifadhiwa kwenye CD, ambayo juu yake mtahiniwa huandika jina na nambari yake ya mtihani. Vipakatalishi vingi vya kisasa havina tena sehemu ya kutia CD. Kompyuta kuukuu ya mezani inayo. Kwa hiyo mwalimu anayeitetea mashine ya mwaka 2008 hatetei uzee. Anatetea chombo ambacho mtihani wenyewe unakidai.

Kazi ya kutafuta tatizo huanza nje ya kasha, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Mtu akibonyeza kitufe na kuona kimya, huamua papo hapo kwamba kompyuta imeungua. Lakini stima husafiri njia ndefu kabla ya kufika ndani: kutoka soketi ya ukutani hadi plagi, kutoka plagi hadi UPS, kutoka UPS hadi kebo, ndipo iingie kwenye kasha. Plagi ya Kenya ya meno matatu ina fyuzi ndani yake, na fyuzi iliyokatika hukatiza kila kitu pasipo kelele wala harufu. Kuibadilisha hakuhitaji fundi.

UPS ndiyo mshukiwa mkubwa zaidi, hasa mahali penye joto. Betri ya risasi iliyo ndani yake hukadiriwa kuishi miaka 3 hadi 5 katika chumba chenye nyuzijoto 25. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 hivi juu ya hapo, umri huo hupungua kwa nusu. Bura mchana ni jambo la kawaida kuvuka nyuzi 35. Betri inayofaa kudumu miaka minne ofisini Nairobi inaweza kufa huku katika mwaka wa pili, na baadhi ya UPS betri ikishakufa hukataa kabisa kuwaka hata stima ikiwapo. Kilichokufa hapo ni kijisanduku cha sakafuni. Kompyuta ni nzima. Jaribio lake ni kuichomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, kwa kebo inayojulikana kuwa nzima, ile ya monita kwa mfano, kwa kuwa mara nyingi hufanana.

Wanaotumia sola wana tatizo lao. Inveta za bei nafuu hazitoi umeme wenye mawimbi laini kama wa gridi. Hutoa mawimbi ya ngazi ngazi. Pawa saplai nyingi za miaka ya karibuni zina sakiti ya kurekebisha mvuto wa umeme, na baadhi yake hukataa kuwaka kwenye mawimbi ya namna hiyo au hulia na kuzima. Mashine ileile ikipelekwa penye stima ya Kenya Power huwaka bila kinyongo. Fundi asiyeuliza mteja anatumia umeme wa aina gani nyumbani anaweza kukaa na kompyuta nzima siku tatu akitafuta ugonjwa usiokuwepo.

Lipo pia jambo la kiswichi chekundu. Kompyuta nyingi za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina kiswichi kidogo nyuma ya pawa saplai, karibu na pale kebo inapoingia, chenye maandishi 115 na 230. Marekani hutumia volti 120. Kenya hutumia 240. Kikiwa kimeachwa upande wa 115 na kebo ikachomekwa ukutani hapa, husikika mlipuko, moshi hutoka, na pawa saplai imekwisha. Kinyume chake ni salama: kompyuta iliyowekwa 230 mahali pa volti 120 hukataa kuwaka tu. Shule inayopokea shehena ya mashine kutoka ng'ambo inapaswa kukikagua kiswichi hiki kwenye kila kasha kabla ya kitu kingine chochote. Kuna mafundi wanaokizungushia utepe wa gundi kikishakuwa upande wa 230, mtoto asije akakichokoa kwa kalamu. Ni busara inayofaa kuigwa kote.

Ikiwa njia ya umeme ni nzima na bado kuna kimya, macho huhamia ndani. Hapa onyo moja ni la lazima. Kasha la kompyuta linaweza kufunguliwa na mtu yeyote makini, kebo ikiwa imechomolewa. Sanduku la chuma la pawa saplai lililo ndani ya kasha hilo halifai kufunguliwa na asiyesomea. Ndani yake kuna kapasita kubwa zinazoshika umeme wa volti zaidi ya 300, na zinaweza kuendelea kuushika hata baada ya kebo kuchomolewa. Wako vijana waliorushwa na pawa saplai waliyodhani imelala.

Bila kulifungua, sanduku hilo linaweza kupimwa. Tangu Intel ilipotoa mtindo wa ATX mwaka 1995, kompyuta nyingi za mezani zimekuwa na pawa saplai zenye rangi za waya zinazofanana. Waya wa zambarau hubeba volti 5 wakati wote kebo ikiwa imechomekwa, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ndio unaowasha taa ndogo ya kijani iliyoko kwenye madabodi nyingi, yaani bodi kuu za kompyuta. Taa hiyo ikiwaka, kuna uhai. Waya wa kijani ndio unaosubiri amri ya kitufe. Fundi huchomoa plagi pana kutoka kwenye madabodi, huunganisha wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, kisha huchomeka kebo. Feni ya pawa saplai ikizunguka, sanduku limeitika.

Kuitika si kupona, na hapo mita ya fundi hufanya kazi yake. Waya wa manjano unapaswa kusoma volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3, na ruhusa ya kupanda au kushuka ni asilimia 5 tu. Manjano ikisoma 10.8, feni itazunguka vizuri kabisa lakini kompyuta haitawaka, au itawaka na kujizima diski inapoanza kuvuta umeme. Mita ya kawaida ya jua kali, ile ya mkono, yatosha kwa kipimo hiki. Ni kifaa cha bei ndogo ambacho kila shule yenye chumba cha kompyuta ingepaswa kuwa nacho, na inasikitisha kuona vyumba vyenye mashine 20 visivyo na mita hata moja.

Ikithibitika kwamba pawa saplai imekufa, safari ya Garissa imepata sababu. Lakini hata hapo pana mtego. Kompyuta za HP kama ProDesk 600 G1 na EliteDesk 800 G1, zilizotoka mwaka 2013, hazitumii plagi pana ya pini 24. Zina plagi ya pini 6. Dell OptiPlex 9020 ya wakati huohuo ina ya pini 8. Makasha membamba nayo yana masanduku ya umbo lake. Anayeingia dukani akasema anataka pawa saplai ya kompyuta, bila zaidi, atauziwa ya kawaida na kurudi Bura na kitu kisichoingia. Picha tatu za simu humwokoa: lebo ya sanduku la zamani, plagi zake zote, na jina kamili la mashine lililoandikwa kwenye kasha.

Wakazi wa Bura wanaijua habari ya mashine isiyowaka tangu zamani, kabla kompyuta hazijafika. Mradi wa unyunyizaji wa Bura ulipopokea wakulima wake wa kwanza mwaka 1981, waliotoka pembe mbalimbali za Kenya na kugawiwa vijiji vya namba, maji ya mashamba yalivutwa kutoka Tana kwa pampu za dizeli zilizowekwa Nanigi. Mpango wa maji kushuka yenyewe kwa mfereji uliachwa kwa sababu ya gharama. Pampu zikaharibika, vipuri vikachelewa, pamba ikakauka shambani, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 kilimo kikawa kimeporomoka. Mzee aliyeona hayo hahitaji kuelezwa kwamba mtambo ni sawa na njia ya kuupatia vipuri: kimoja kikikosekana, kingine hakina maana.

Turudi ndani ya kasha. Hali ya kwanza ilikuwa ya kimya kabisa; ya pili ni ile ambapo taa zinawaka, feni zinavuma, lakini monita ni nyeusi. Hii huwatisha watu zaidi, nayo mara nyingi ndiyo nyepesi kutibu.

Kompyuta inapowashwa hujikagua yenyewe kabla ya kuonyesha chochote: prosesa, kumbukumbu, kadi ya picha, kibodi. Desturi hiyo ilikuwepo tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC tarehe 12 Agosti 1981. Mlio mmoja mfupi ulikuwa na maana kwamba yote ni mazima. Mashine za baadaye zilirithi lugha hiyo ya milio na kuipanua. HP Compaq nyingi za ofisini hulia mara tano huku taa nyekundu ikimetameta mara tano. Hiyo ni kumbukumbu. Mara mbili ni joto kupita kiasi, mara nne ni umeme. Mashine zenye BIOS ya Award zikitoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kasoro iko upande wa picha. Dell OptiPlex nyingi za zamani zina taa nne ndogo mbele zilizoandikwa 1, 2, 3 na 4, na mpangilio wa zinazowaka na zilizozimika humwambia fundi ukaguzi umekwama wapi. Kuhesabu milio na kuiandika kwenye karatasi ni kazi ya dakika moja isiyo na gharama, na bado ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote.

Kumbukumbu, yaani RAM, ndiyo hulaumiwa mara nyingi, na kwa haki. Barabara ya vumbi na mashimo humtikisa abiria, na hukitikisa pia kibao cha RAM kilichokaa kwenye ufa wake. Kompyuta iliyofanya kazi Nairobi Ijumaa inaweza kufika Bura Jumapili ikiwa bubu kwa sababu tu kibao kimenyanyuka kidogo upande mmoja. Na hata isiposafiri, joto, vumbi na unyevu hutia utando kwenye vile vijipande vya dhahabu vilivyopangwa ukingoni mwa kibao. Dawa yake iko kwenye mkoba wa mtoto wa darasa la nne. Kibao huchomolewa kwa kusukuma nje vishikizo viwili vya pembeni, hushikwa kwa kingo, kisha dhahabu hiyo husuguliwa taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, upande huu na upande ule, mpaka weusi utoke na mng'ao urudi. Makombo ya kifutio hupulizwa yasibaki. Kibao hurudishwa na kusukumwa chini hadi vishikizo vijifunge vyenyewe kwa mlio wa tak, pande zote mbili. Idadi ya kompyuta zilizokuwa zimeandikwa mfu na zikafufuka kwa kifutio ni kubwa kiasi kwamba fundi anayeruka hatua hii hafai kulipwa.

Kama kuna vibao viwili, hujaribiwa kimoja kimoja, na katika kila ufa. Hivyo hujulikana kama kilichokufa ni kibao au ni ufa. Ikilazimu kununua, hapo tena picha ya simu ni ya lazima. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 na kwa jicho la haraka ni pacha, ila pengo lililo chini limekaa mahali tofauti, na volti zake ni tofauti: 1.8 kwa DDR2, 1.5 kwa DDR3. Kibao cha DDR3 hakiingii kwenye madabodi ya DDR2, na kukilazimisha ni kuvunja ufa.

Sasa kapasita. Hizi ni zile kopo ndogo ndogo zilizosimama kwenye madabodi, hasa kuizunguka prosesa, kazi yake ikiwa kutuliza umeme usipande na kushuka. Kopo nzima ina kichwa bapa kilichochorwa msalaba mwembamba. Iliyoharibika kichwa chake huvimba, au hupasuka kwenye ule msalaba na kutoa uchafu wa kahawia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, dunia nzima ilikumbwa na kapasita mbovu zilizotengenezwa kwa viungo visivyokamilika. Dell iliumia sana kwa mashine zake za OptiPlex GX270 na GX280, na mwaka 2005 ikatenga dola milioni 300 za kushughulikia tatizo hilo. Kompyuta za kizazi hicho ndizo zilizokuja kujaza soko la mitumba la Afrika Mashariki miaka michache baadaye, na zile zilizobaki bado huvimba vichwa. Joto huharakisha: kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa kapasita kwa nusu.

Fundi anayetengeneza redio na televisheni, mwenye mkono mzuri wa chuma cha kulehemu, anaweza kuzitoa na kuweka nyingine zenye thamani ileile na volti zisizopungua za mwanzo, akichunga upande wa hasi. Kapasita sita au nane huwa rahisi zaidi kuliko madabodi, na ni nyepesi kutumwa kwa gari la abiria ndani ya bahasha. Inafaa zaidi kazi hii ipewe mtu wa redio kuliko mtu wa kompyuta asiyewahi kulehemu. Majirani hawa wawili wa sokoni hawashirikiani vya kutosha.

Betri ya kifungo, CR2032 yenye volti 3, ni kisa kifupi. Huhifadhi saa na mipangilio ya BIOS stima isipokuwepo. Ikiisha, kompyuta huwaka ikidai F1 ibonyezwe na kuonyesha tarehe ya miaka iliyopita; kwenye baadhi ya madabodi hugoma kabisa. Tarehe ikiwa mbovu, tovuti za serikali hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama huonekana kama vya wakati ujao, na mwenye saiba hulaumu mtandao. Betri hii huuzwa hata na wauza saa. Kuitoa kwa dakika chache na kuirudisha, kebo ikiwa nje, hufuta pia mipangilio iliyovurugika, na hilo peke yake limewahi kuamsha mashine nyingi.

Vumbi na joto ni ndugu. Kompyuta inayowaka kwa sekunde kadhaa na kuzima, ikapumzika kisha ikarudia, huwa inajilinda isiungue. Likifunguliwa kasha lake, mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa huonekana yamefunikwa na zulia la kijivu. Dawa ya joto iliyopakwa kati ya prosesa na mapezi hayo nayo hukauka na kuwa kama chokaa. Hufutwa kwa spiriti na kupakwa mpya, tone dogo tu. Kwenye mashine nyingi za Intel za kuanzia 2004, mapezi hushikiliwa na vijiti vinne vya plastiki vinavyobanwa kwenye madabodi, na kimoja kikikatika safarini, upande mmoja hunyanyuka na joto halina pa kwenda. Kwa vumbi, brashi laini ya kupakia rangi na pampu ya baiskeli hutosha, feni ikiwa imezuiwa kwa kidole isizungushwe na upepo. Sisimizi na mijusi nao huingia kutafuta maficho, hasa kompyuta ikifungiwa likizo nzima, na mjusi aliyekauka juu ya sakiti huunganisha mahali pasipofaa kuungana.

Hali ya tatu haistahili jina la kutowaka, ingawa wateja huiita hivyo: mashine inaonyesha maandishi, kisha inakwama kabla ya kufika Windows. Hapo mafundi wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Ni tabia inayofaa kukemewa. Kwenye diski ile mna alama za wanafunzi wa miaka minane, orodha za wakulima, picha za harusi. Diski ikitoa mlio wa kugonga gonga, inakufa, na kila dakika ya kuiwasha huipunguzia uhai. Kinachofuata ni kuichomoa, kuiunga kwenye kompyuta nyingine na kunakili kwanza. Ikiwa kimya na nzima, Linux inayowaka kutoka kwenye flashi humwezesha fundi kuingia na kutoa mafaili bila kugusa kilichomo. Windows hupigwa baada ya hapo, kwa idhini ya mwenye mali.

Kuna sababu mpya ya kujifunza haya yote sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 hudai prosesa za karibuni pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambavyo mashine nyingi za kabla ya 2018 hazina. Ofisi za miji mikubwa zitaziacha mashine hizo kwa maelfu, na sehemu yake itafuata njia ileile iliyofuatwa na za kale: mnada, soko la mitumba, shule za mbali. Zitafika zikiwa na uwezo mkubwa kuliko zilizopo Bura leo, na kwa Linux zitafanya kazi miaka mingine. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na kuziongezea umri mashine hizi ni jambo jema. Lakini shule inayokubali msaada wa kompyuta 20 ina haki ya kudai pamoja nazo pawa saplai mbili za akiba za aina ileile, vibao kadhaa vya RAM, pakiti ya betri za CR2032, mita, na siku moja ya kumfundisha mwalimu. Mtoaji anayeshindwa hayo amwambie mpokeaji mapema.

Na ile isiyofufuka kamwe, madabodi ikiwa imepasuka au imeungua, haitupwi kwenye vichaka vya mathenge nyuma ya darasa. Huvuliwa RAM, diski, feni, kebo, skrubu, prosesa na pawa saplai kama ni nzima, kila kimoja kikaandikwa kimetoka mashine gani na kilipimwa lini, kisha kikawekwa sandukuni mbali na vumbi. Mabaki yenye risasi na kemikali huwekwa kando hadi gari la kwenda Nairobi lipatikane. Huko kipo kituo cha WEEE Centre kinachopokea na kuchambua taka za namna hiyo. Shule tatu au nne za mradi wa Bura zikiweka masanduku yao pamoja na kupeana orodha kwa WhatsApp, zitakuwa na stoo ya vipuri ambayo maji ya Mororo hayawezi kuifunga.